Chumvi ya Katwe na Siha ya Vijana wa Butembo na Beni

Zama za mababu zetu, kabla barabara ya magari haijavipasua vilima vya Butembo, mashariki mwa Kongo, na kuteremka hadi joto la Beni, chumvi ilikuwa mali ya kutafutwa kwa miguu. Wanande walishuka kutoka katika baridi ya milima yao, wakalikata bonde la Semliki, wakafika Katwe, penye ziwa la chumvi ambalo leo limo katika mipaka ya Uganda, kisha wakaipanda tena njia ile ile na mizigo yao. Na kwa kuwa kitu kilichopatikana kwa jasho la siku nyingi hakitiwi chunguni kwa ukufi, mama wa nyumba aliichota chumvi kwa ncha za vidole, na iliyosalia akaitundika juu ya meko isije ikapata unyevu.

Hivyo wazee wetu, pasipo kufundishwa na tabibu yeyote, walikuwa na walinzi wawili wa siha zao: mwendo mrefu na chumvi haba. Chakula chao kilitoka shambani, maharagi na viazi, muhogo na sombe na lenga-lenga. Na kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa na siku zake na watu wake. Hali kama hiyo ilishuhudiwa kwa majirani pia: mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba kwa watu 1,000 wenye afya aliowapima, shinikizo la damu halikupanda baada ya umri wa miaka 40, kinyume cha ilivyojulikana Ulaya. Naye Hugh Trowell, aliyetibu miaka mingi Kampala, mji ambao wachuuzi wa Butembo wanaujua kama nyumbani, mwaka 1956 alitangaza habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa nadra hata likastahili kuandikwa.

Lakini insafu yatutaka tuseme kweli yote. Zama hizo hazikuwa pepo: watoto walikufa kwa homa ya mbu na surua, na Dkt. Carl Becker, Mmarekani aliyeanza kazi ya hospitali ya Oicha, kaskazini ya Beni, katika miaka ya 1930, aliwahudumia wenye ukoma kwa maelfu. Wengi hawakufika uzee wa kuugua moyo.

Mageuzi yalikuja taratibu, na aghalabu yalikuja kwa sura ya neema. Kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs iliweka kituo Butembo, biashara ikastawi, malori yakapita mpaka wa Kasindi yamejaa sukari, mafuta na chumvi, hata kile kilichobebwa kichwani kikawa cha kununuliwa kwa senti chache. Tazama chukudu: ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na kijana aliyepiga goti moja juu yake huku mguu wa pili ukisukuma ardhi, akifika mlimani hushuka, akainama, akausukuma mzigo wa makaa hadi kileleni, na moyo wake ukapata nguvu bila yeye kujua. Leo pikipiki zimeenea, na mwanafunzi aliyetembea saa nzima hadi darasani hupakiwa mpaka mlangoni. Tena mauaji ya raia yaliyoanza katika eneo la Beni mwaka 2014 yamewatoa wengi mashambani, wakawa watu wa kula kinachouzwa, si kinacholimwa.

Basi vijana wajue namna maradhi yanayoletwa na mageuzi haya yanavyofanya kazi. Chumvi ikizidi huvuta maji katika damu, nayo damu huikandamiza mishipa miaka na miaka bila maumivu yoyote. Hiyo ndiyo tansio, yaani shinikizo la juu la damu, na mwisho wake mshipa wa ubongo huweza kupasuka au kuziba, mtu akaanguka kwa kiharusi. Sukari ikizidi na mwendo ukipungua, mwili hunenepa, na insulini, iliyo ufunguo wa kuifikisha sukari ndani ya nyama za mwili, hushindwa kazi yake. Sukari ikabaki katika damu na kuharibu macho, figo na neva. Tumbako na pombe huyazidisha yote. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na kijana atumie mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika eneo letu hili, na watoto wetu wakajifunza kunawa katika ndoo ya klorini mlangoni na kuuliza: maradhi yanapita wapi? Swali hilo na walihifadhi. Maradhi ya mtindo wa maisha hupita mezani, katika chupa, katika moshi na katika kukaa kitako, na hayapigiwi king'ora. Enyi vijana, ichoteni chumvi kwa ncha za vidole kama bibi zenu walivyoichota, na njia mnayoiweza kwa miguu, iendeeni kwa miguu.