Steaua: Klabu Isiyokuwa na Wanachama

Tarehe 7 Desemba 2014, mabingwa wa Romania waliingia uwanjani mjini Bucharest kucheza na timu ya Iași wakiwa hawana jina. Jezi zao hazikuwa na nembo. Kwenye ubao wa matokeo, mahali palipozoeleka kuandikwa Steaua, paliandikwa neno moja tu, "Gazde", yaani wenyeji, na pembeni yake nafasi ya nembo ikaachwa tupu. Siku chache kabla, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kwamba jina na nembo ni mali ya jeshi, si ya kampuni iliyokuwa ikiiendesha timu. Tangu hapo Warumani wanabishana bila kuchoka: Kombe la Klabu Bingwa Ulaya la mwaka 1986 ni la nani? Wengi huanza kwa kumlaumu Gigi Becali, mfanyabiashara aliyeishika timu hiyo mwaka 2003. Wengine hulilaumu jeshi kwa kukumbuka mali yake baada ya miaka mingi. Mimi naona mzizi wa ugomvi huu uko mbali zaidi, mwaka ule klabu ilipozaliwa, kwa sababu ilizaliwa kama idara ya serikali, na idara haina wanachama.

Ilianzishwa tarehe 7 Juni 1947 kwa amri iliyotiwa saini na Jenerali Mihail Lascăr, ikaitwa ASA, chama cha michezo cha jeshi. Romania wakati huo ilikuwa bado na mfalme. Mfalme Mihai alilazimishwa kujiuzulu mwezi Desemba mwaka huohuo, na klabu ikapita kutoka dola moja hadi nyingine kama kambi au ghala linavyokabidhiwa. Mwaka 1948 jina likawa CSCA, mwaka 1950 likawa CCA, na mwaka 1961 ndipo likawa Steaua, neno lenye maana ya Nyota. Majina manne katika miaka 14, na hakuna hata mara moja shabiki alipoulizwa. Ndivyo ilivyokuwa katika kambi yote ya Mashariki. Kule Budapest, klabu ya mtaa wa Kispest ilichukuliwa na jeshi la Hungary mwaka 1949 ikageuzwa kuwa Honvéd. Hapo Bucharest penyewe, hasimu mkubwa wa Steaua alikuwa Dinamo, timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Waliponyanyuka majukwaani kushangilia, watu wa mji ule walikuwa wakishangilia wizara mbili ambazo nje ya uwanja waliziogopa. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Jeshi lilijua kukusanya vipaji. Helmuth Duckadam, kipa mwenye asili ya Kijerumani kutoka kijiji cha Semlac, alitokea Arad. Marius Lăcătuș alitoka Brașov. László Bölöni, Mhungaria aliyesomea udaktari wa meno, alitoka Târgu Mureș. Chini ya kocha Emerich Jenei watu hao waliitoa Anderlecht kwa mabao 3–0 katika nusu fainali ya pili, wakiwa wamefungwa 1–0 katika ile ya kwanza, na tarehe 7 Mei 1986 wakajikuta Sevilla mbele ya Barcelona. Uwanja ulijaa Wahispania. Warumani walioruhusiwa kusafiri walikuwa wachache mno. Dakika 120 zikaisha bila bao. Penalti mbili za kwanza za Steaua, ya Mihail Majearu na ya Bölöni, zilidakwa. Lakini Duckadam naye alikuwa amesimama langoni. Alexanko akapiga, kipa akaruka kulia kwake akaokoa. Pedraza akapiga, kulia tena. Lăcătuș akafunga kwa shuti lililogonga mwamba na kuingia. Pichi Alonso akapiga, na Duckadam akaruka kulia kwa mara ya tatu, akaokoa. Gavril Balint akafunga. Marcos alipoujia mpira, kipa akaruka kushoto na kuuzuia. Penalti nne, zote nne zimeokolewa, na kwa mara ya kwanza kombe likaenda Ulaya Mashariki. Miezi michache baadaye mkono wa Duckadam ulipatwa na tatizo la damu kuganda, naye akakaa nje ya soka kwa miaka.

Hapa huja pingamizi zito. Husemwa kwamba timu ile ilikuwa zao la udikteta, basi kombe lake ni la dola, na jeshi ndilo mrithi halali. Ushahidi upo, wala sitaki kuuficha. Valentin, mtoto wa dikteta Nicolae Ceaușescu, alikuwa mtu wa karibu sana na uongozi wa klabu. Steaua ilicheza mechi 104 za ligi mfululizo bila kufungwa, kuanzia 1986 hadi 1989, na ni vigumu kuamini kwamba waamuzi wote wa nchi ile walikuwa huru moyoni. Fainali ya Kombe la Romania ya mwaka 1988 inatosha kuwa mfano: bao la Balint la dakika za mwisho dhidi ya Dinamo lilikataliwa kwa kuotea, Steaua wakatoka uwanjani matokeo yakiwa 1–1, na baadaye kombe wakapewa wao. Beki Miodrag Belodedici alipotorokea Yugoslavia mwaka huohuo, alihesabiwa kuwa msaliti wa nchi, kwa kuwa kwenye makaratasi alikuwa mwanajeshi. Yote hayo ni kweli. Lakini amri ya Bucharest haikuvuka mpaka. Mwamuzi wa Sevilla hakuwa mtu wa Ceaușescu, na mikwaju minne ile haikuzuiwa na wizara yoyote. Dola iliikusanya timu. Ushindi waliuleta wachezaji. Na Belodedici mwenyewe alilitwaa kombe hilohilo tena mwaka 1991 akiwa na Red Star ya Belgrade.

Udikteta ulipoanguka Desemba 1989, palikuwa na nafasi ya kuigeuza idara kuwa chama cha watu. Haikutumika. Mwaka 1998 sehemu ya soka ilitenganishwa na klabu ya jeshi, CSA, ikaingia mikononi mwa kundi la wafanyabiashara, na miaka mitano baadaye Becali akawa ndiye mwenye kauli. Wachezaji na nafasi katika ligi vilihama. Jina, rangi na nembo vilifuata kwa mazoea. Mali imetoka kwa jenerali ikaenda kwa tajiri, na aliyekuwa akikaa jukwaani mvua ikimnyeshea hakuwa na hisa, kadi wala kura. Jeshi lilipokwenda mahakamani mwaka 2011, pande zote mbili zilikuwa na hati za kuonyesha. Shabiki hakuwa na kitu cha kupeleka mbele ya hakimu.

Wako wanaojibu kwamba FCSB, jina ambalo timu ya Becali inalitumia tangu 2017, ndiyo iliyoendelea kucheza bila kukatika, na ndiyo UEFA inayoiorodhesha kuwa mshindi wa 1986. Hoja hiyo ina uzito, maana mwendelezo wa uwanjani si jambo dogo. Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la UEFA mwaka 2006 ni hiyohiyo. Wengine hujibu kwamba historia huwafuata mashabiki. Jeshi lilipounda upya timu yake mwaka 2017 na kuianzisha daraja la nne, kundi kubwa la jukwaa la kusini lilikwenda nayo, na mechi yake dhidi ya Academia Rapid mwezi Aprili 2018 ilitazamwa na watu zaidi ya 36,000. Daraja la nne! Hata hivyo maelfu wengine walibaki na FCSB, baba upande huu na mwana upande ule, kila mmoja akiamini hajahama. Sikubali kwamba mmoja wao ni mwongo. Wametenganishwa na ukuta ambao hawakuujenga.

Ataniambia mtu kwamba uanachama haushindi mechi, na Sevilla yenyewe ni ushahidi: Barcelona ilikuwa klabu ya wanachama, na ndiyo iliyopoteza. Sawa. Lakini usiku ule wa kufungwa Wakatalani waliuchukua ukiwa wao, hakuna hakimu aliyeulizwa ni wa nani, na kombe lilipokuja mwaka 1992 halikuwa na ubishi. Bucharest, uwanja wa zamani wa Ghencea uliofunguliwa mwaka 1974 umebomolewa, na mwaka 2021 ukafunguliwa mpya wenye viti zaidi ya 31,000. Nyota imerudi ukutani pale, lakini timu ya CSA ilibaki daraja la pili, kwa kuwa kanuni hazikuiruhusu taasisi ya umma kupanda ligi kuu. FCSB, yenye ubingwa wa 2024 na 2025, huchezea Arena Națională, ng'ambo nyingine ya mji, ikiwa na herufi nne kifuani.