Ukarabati wa mashine ya mkono ya kumenyea kahawa

Ukarabati wa mashine ya mkono ya kumenyea kahawa ni kazi ya kufufua kifaa cha chuma kinachotenganisha buni na nyama ya tunda bivu. Mashine hizi hutumiwa na wakulima wadogo wa arabika kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wa vijiji vya juu vya Same, katika Milima ya Upare, ambako kilele cha Shengena hufika mita 2,462.

Mashine ina bakuli la kumiminia matunda, mkono wa kuzungushia, na silinda iliyovishwa bati la shaba lenye vinundu. Nyingine hutumia diski. Vinundu huburuta tunda hadi kwenye bamba lililo mkabala na bati, maganda yakatoka upande mmoja na buni upande wa pili.

Kazi nyeti kuliko zote ni kupima nafasi kati ya bati na bamba. Ikiwa pana, matunda hupita mazima. Ikiwa finyu, buni hukatwa, na buni iliyojeruhiwa huchacha vibaya inapovundikwa, ikaharibu ladha ya kahawa iliyo safi. Fundi hukaza skrubu kidogo kidogo, hupitisha matunda machache, kisha hukagua buni zilizotoka kwa macho na vidole. Bati lililolika vinundu hubadilishwa. Kuosha mashine kila baada ya kazi ndiyo kinga bora ya kutu, kwa kuwa maji ya tunda yana asidi.

Ufundi wa chuma si mgeni Upare: watu wa ukoo wa Washana wa Ugweno walikuwa wahunzi mashuhuri kabla ya ukoloni.