Kabla ya kununua pete ya almasi, uliza ilikochimbwa

Pete ya almasi imeanza kuingia katika harusi zetu hapa Pwani, kando ya dhahabu tuliyoizoea. Kwa dhahabu tunajua la kuuliza: karati ngapi, uzito gani. Kwa almasi, wengi hutosheka muuzaji akisema mzigo wake una cheti cha Kimberley. Naona ni vyema tujue cheti hicho kinasema nini, na kinanyamazia nini.

Utaratibu wa Kimberley ulianza kutumika mwaka 2003, baada ya vita vya Angola na Sierra Leone ambako waasi wa UNITA na RUF waliuza almasi wakanunua silaha. Ndiyo sababu unatambua ubaya wa aina moja tu: mawe ghafi yanayowapa fedha waasi wanaopigana na serikali. Mchimbaji aliyeuawa na askari wa serikali, au na mlinzi wa kampuni, hahesabiwi humo. Shirika la Global Witness, lililosaidia kuuanzisha, lilijitoa mwaka 2011 baada ya almasi za Marange, Zimbabwe, kuruhusiwa sokoni, ingawa jeshi lilikuwa limewaua wachimbaji huko mwaka 2008.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania. Huko ndiko lilikotoka jiwe la waridi alilopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Tanzania haina vita vya waasi, kwa hivyo kwa kipimo cha Kimberley almasi za Mwadui ni safi. Lakini wanavijiji wa jirani walifungua madai Uingereza, wakisema walinzi wa mgodi waliwapiga risasi na kuwatesa. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyomiliki sehemu kubwa ya mgodi, ilikubali kutoa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71. Haikukubali kuwajibika kisheria, ila ilikiri kuwa watu walikufa na wengine kujeruhiwa.

Jambo jingine: cheti husafiri na shehena ya mawe ghafi. Jiwe likishakatwa, mara nyingi huko Surat, India, halina cheti chake tena. Na ile karatasi ya maabara utakayoonyeshwa dukani kwa kawaida hueleza uzito, rangi na usafi wa jiwe, si lilikotoka.

Basi muulize muuzaji nchi na mgodi, na akuandikie kwenye risiti. Akibabaika, nenda duka jingine. Sisemi tususie mawe ya Afrika, maana wachimbaji wadogo ndio watakaolala njaa kwanza. Ziko pia almasi za maabara, ambazo ni almasi kweli na bei yake ni nafuu, ingawa hutumia umeme mwingi. Mimi ningeanzia nyumbani: kama bibi ameacha pete ya kito, mpelekee sonara aitengeneze upya. Utalipa ufundi tu.