Uchongaji wa ncha za mawe

Uchongaji wa ncha za mawe ni ufundi wa kumega jiwe gumu kwa mkono, kibanzi baada ya kibanzi, hadi lipate makali mawili yanayokutana kwenye ncha ya mkuki au mshale. Hufaa mawe yenye chembe ndogo mno, kama gumegume, au obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano kinachopatikana kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya.

Mawe haya hupasuka kwa mbonyeo, kama upande wa ndani wa kombe. Ustadi wote umo ukingoni. Pigo hutua hapo, nguvu yake hupenya ndani ya jiwe na kubandua kibanzi upande wa chini. Kwa hiyo ukingo husuguliwa kwanza kwa jiwe la kukwaruza ili usimeguke ovyo. Fundi anayeruka hatua hii huvunja kazi yake katikati. Umbo la awali hutolewa kwa nyundo ya jiwe, kisha ya pembe. Mwishowe ncha huwekwa kiganjani juu ya ngozi, na vibanzi vyembamba hubanduliwa kwa kusukuma ncha ya pembe au mfupa, bila kupiga.

Mbinu hiyo ya kusukuma ilitumika katika pango la Blombos, Afrika Kusini, miaka takriban 75,000 iliyopita, kwa mawe yaliyopashwa moto kwanza. Huko California, Marekani, Ishi, mtu wa mwisho anayejulikana wa kabila la wenyeji asilia la Wayahi, alichonga ncha za obsidiani na hata za kioo cha chupa katika makumbusho ya San Francisco, alikoishi kuanzia 1911 hadi alipofariki 1916.