Nyumba ya Bwana Iliyogeuzwa Nyumba ya Mabwana

Katika vikao vya kanisa, hoja ya majengo na viwanja haikosekani. Nyumba ya wamisionari imechakaa, mabati yanavuja, na kiwanja kiko barabarani. Mmoja wetu husimama akauliza kwa nini tusikipangishe kijengwe maduka. Mwingine husimama akakumbusha kwamba babu zetu walibeba mawe yale vichwani. Kikao hufungwa kwa sala, na swali hubaki pale pale hadi mwaka unaofuata. Hatuandiki hapa ili kulimaliza swali hilo. Tunataka tu kutazama pamoja nyumba moja iliyowahi kupita katika njia hiyo, tena ikapita mpaka mwisho.

Nyumba hiyo huitwa Buckland. Iko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, karibu na mto Tavy, si mbali na bandari ya Plymouth. Ukiitazama kwa nje unaona nyumba kubwa ya mawe ya tajiri wa shamba, yenye madirisha mengi na bustani. Lakini katikati ya paa umesimama mnara mnene wa mraba, na nyumba za mashambani hazina minara ya namna hiyo. Sogea karibu utazame ubavu wa mnara. Utaona mchoro wa mstari unaopanda na kushuka kama pembetatu. Ni alama ya paa lililobomolewa. Hapo ulikuwepo mkono mmoja wa msalaba, kwa kuwa nyumba yote hii ilikuwa kanisa, nalo lilijengwa kwa umbo la msalaba.

Mwaka 1278 Amicia, mama mkuu wa ukoo wa watawala wa Devon, aliwapa watawa wa shirika la Wasistersiani ardhi hiyo. Watawa wa kwanza walitoka monasteri ya Quarr, katika kisiwa cha Wight. Waliishi kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa leo Peramiho na Ndanda: sala mara saba mchana na mara moja usiku wa manane, na kati ya sala na sala, kazi ya mikono. Wasistersiani walipoanza walipenda kanisa lisilo na makuu. Kuta tupu, mawe yaliyochongwa vizuri, nuru inayoingia bila rangi nyingi za vioo. Pande za mashariki waliimba watawa wenyewe. Upande wa magharibi ulikuwa wa mabruda, wale ambao wengi hawakujua kusoma lakini ndio waliokuwa mikono ya shamba.

Tusiwafanye malaika. Amicia hakuwapa kiwanja tu, aliwapa milki nne pamoja na watu waliokaa juu yake: Buckland, Bickleigh, Walkhampton na Cullompton. Watu hao walilipa kodi na kufanya kazi. Karibu na kanisa lingalipo ghala la nafaka la watawa, lenye urefu wa zaidi ya mita 40, na kuta zake nene zinashikiliwa na nguzo za mawe kwa nje. Tunakiri kwamba ghala hilo ni zuri kuliko makanisa mengi. Nalo lilijazwa kwa jasho la wakulima. Mwaka 1337 watawa walipewa ruhusa ya mfalme kuweka kuta za ngome. Mtu asiye na kitu hahitaji ngome. Waliokuja kutafuta ufukara wa Injili walikuwa wamekuwa mabwana wa ardhi, na kwa hiyo nyumba ilianza kuwa ya mabwana hata kabla mfalme hajaigusa.

Mfalme aliigusa mwaka 1539. Henry wa Nane alikuwa amekwisha kuvunja uhusiano na Roma, na waziri wake Thomas Cromwell alikuwa ametuma watu nchi nzima kuhesabu mali za monasteri. Sheria ya mwaka 1536 ilifunga zile ndogo, zenye mapato yasiyofika pauni 200 kwa mwaka. Buckland ilikuwa juu kidogo ya mstari huo, ikapona miaka mitatu. Kisha nayo ikasalimishwa, abati na watawa wake wachache wakapewa pensheni, wakatawanyika. Katika muda wa miaka minne hivi, mamia ya nyumba za watawa zilikwisha.

Sisi tuliolelewa katika makanisa ya Matengenezo tumezoea kusimulia habari hii kama utakaso. Yalikuwepo mambo ya kutakaswa, hatubishi. Ila tufuate fedha ilikokwenda. Haikwenda kwa wakulima wa Walkhampton. Shule zilizoahidiwa zilikuwa chache. Ardhi ilipitia hazina ya mfalme ikaishia mikononi mwa watu wa karibu naye, na wakulima wakaamka asubuhi wakiwa na kodi ile ile na bwana mpya, asiyeamka usiku kuwaombea.

Bwana mpya wa Buckland alikuwa Richard Grenville, aliyeinunua mwaka 1541. Mwanawe Roger alizama na meli ya kivita Mary Rose mwaka 1545. Aliyeibadili nyumba hasa ni mjukuu, aliyeitwa Richard kama babu yake, na kazi yake ndiyo inayoifanya Buckland kuwa ya pekee. Mahali pengine wanunuzi walibomoa kanisa, wakauza risasi ya paa na kengele, wakakaa katika vyumba vya watawa. Grenville alifanya kinyume. Alivunja sehemu kubwa ya makazi ya watawa akahamia ndani ya kanisa lenyewe.

Fikiri kazi hiyo kama fundi. Una jengo refu, jembamba, lenye kimo cha kuinua macho ya mtu juu. Unataka vyumba vya kulala. Basi unatia sakafu katikati ya hewa: chini, kati, juu, mpaka unapata ghorofa tatu pale palipokuwa na pumzi moja. Matao marefu unayakata kwa dari. Madirisha ya kanisa unayaziba mawe na kutoboa mengine madogo kulingana na ghorofa. Mkono wa msalaba unaubomoa ili chumba kipate jua. Jiko unaliongezea ubavuni. Na chini ya mnara, mahali mikono ya msalaba ilipokutana, unaweka ukumbi mkubwa wa kulia chakula na mahali pa kuotea moto. Kazi ilifanywa kwa ustadi, lakini jiwe halisahau upesi. Ukipanda ghorofa ya juu utakutana na vichwa vya matao ya kanisa vikichomoza ukutani karibu na wewe, mahali ambapo hapo kale hakuna aliyefika ila sauti ya waimbaji.

Ukumbini pana mapambo ya lipu yenye tarehe 1576. Juu ya mahali pa moto zimechongwa fadhila nne kwa sura za watu: Haki, Kiasi, Busara na Ushujaa. Ukutani upande mwingine yuko askari aliyechoka na vita. Ngao yake imetundikwa mtini, na karibu naye kuna fuvu na chombo cha mchanga cha kupimia saa. Ni mahubiri mazuri ya kupita kwa dunia. Hatujui la kusema juu ya mtu aliyeweka mahubiri hayo katika kanisa alilolifanya sebule. Labda alimaanisha kila neno. Mwaka 1591 Grenville alikufa vitani baharini karibu na visiwa vya Azores, ngao yake haikutundikwa mtini.

Kufikia hapo nyumba haikuwa yake tena. Mwaka 1581 ilikuwa imeingia mikononi mwa Francis Drake, baharia aliyekuwa amerudi mwaka uliotangulia kutoka safari ya kuizunguka dunia. Ununuzi ulipitia watu wawili wa kati, na bei ilikuwa pauni 3,400. Fedha hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika meli za Wahispania alizoziteka katika bahari ya Pasifiki, zilizojaa fedha ya migodi ya Amerika. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1560, kijana Drake alikuwa amesafiri na ndugu yake John Hawkins, ambaye alikamata na kununua Waafrika kwa mamia katika pwani ya Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, maana katika vitabu vingi jambo hili hupitwa haraka. Katika safari ile ya kuizunguka dunia, mwaka 1579, watu wa Drake walimtwaa mwanamke Mwafrika kutoka meli ya Kihispania. Jina alilokuwa akiitwa ni Maria. Alipata mimba melini, kati ya wanaume wale. Walipofika visiwa vinavyoitwa leo Indonesia, alishushwa katika kisiwa kimoja pamoja na Waafrika wawili wanaume, na meli ikaendelea bila wao. William Camden, mwanahistoria Mwingereza wa zama hizo, alimlaumu Drake waziwazi kwa tendo hilo. Baada ya hapo hakuna habari yake wala ya mtoto. Monasteri za Wasistersiani huwekwa chini ya jina la Bikira Maria, na Buckland nayo ilikuwa hivyo. Drake alipolipa bei ya nyumba ile, mwaka ulikuwa haujapita mwingi tangu yule Maria mwingine aachwe ufukweni.

Wako watu katika Uingereza ya zamani waliosema kwamba familia zilizonunua mali za monasteri zililaaniwa. Henry Spelman aliandika kitabu kizima akihesabu mikosi yao. Ni rahisi kuiongeza Buckland: Roger alizama, Richard akauawa, Drake naye akafa kwa kuhara damu karibu na Portobelo mwaka 1596 bila mtoto. Sisi hatuifuati hesabu hiyo. Nyumba ilirithiwa na Thomas, nduguye Drake, na ukoo ukaishi humo hadi mwaka 1946, karibu miaka 365. Kama maisha marefu ya ukoo ni baraka, basi hao walibarikiwa. Mungu hatumii vipimo vya wapiga ramli, na dhambi haihitaji mkosi ili iwe dhambi.

Wasomaji waliofika Zanzibar wanajua mfano wa kinyume. Pale Mkunazini, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kiwanja kilichukuliwa kujenga kanisa, na inasimuliwa kwamba madhabahu imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watu. Huko walianza na soko wakaishia na madhabahu.

Buckland iliungua mwaka 1938, ikatengenezwa, na miaka kumi baadaye ikakabidhiwa kwa shirika la taifa la hifadhi ya majengo. Leo watu hulipa kiingilio. Lakini kabla ya moto, mwaka 1917, Lady Seaton, aliyekuwa akiishi humo, alitenga chumba kidogo cha chini upande wa mashariki kiwe kanisa tena, mahali ambapo misingi ya madhabahu kuu ilikuwa imegunduliwa. Wageni wengi hupita humo kwa haraka wakielekea ukumbini kuona mambo ya Drake. Chumba ni cha kimo cha kawaida, kwa sababu juu yake ile sakafu ya Grenville ingalipo.