Habari za Mumiani na Popobawa

Neno mumiani limo katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya mkono wa Frederick Johnson, na maelezo yake ni marefu kuliko ya maneno mengi yaliyo jirani nalo. Humo twaambiwa ya kwamba mumiani ni dawa nyeusi mfano wa ulimbo, itokayo Uajemi, ambayo hupakwa juu ya kiungo kilichovunjika, au huyeyushwa katika samli ikanywewa. Kisha twaambiwa ya kwamba watu wengi huamini kuwa dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na uvumi wake ukitoka mjini watu hujifungia majumbani tangu jua kuchwa. Hivyo mtunga kamusi aliweka vitu viwili ndani ya neno moja, dawa na hofu.

Twataka kuuliza hofu hiyo ilitoka wapi, maana si habari ya kale iliyokwisha. Hapa Kiwalani tunapofundisha, kitongoji cha Dar es Salaam kilicho karibu na uwanja wa ndege, mtoto wa darasa la tatu ajua mumiani ni nani kabla ya kujua Uajemi ni wapi. Kwake yeye mumiani si dawa tena, bali ni mtu, tena mtu mwenye gari na sindano.

Tuanze na dawa yenyewe. Kwa Kiajemi mum ni nta, na mumiya lilikuwa jina la lami itokayo katika miamba ya milimani, ambayo matabibu wa nchi za Kiislamu waliisifu sana kwa kuunga mifupa. Wazungu walipotafsiri vitabu vya tiba vya Kiarabu, walichanganya lami ile na utomvu mweusi uliopatikana katika maiti za Wamisri wa kale, zilizotiwa dawa zisioze. Tena hawakuishia kwenye utomvu, bali waliendelea hata maiti yenyewe. Kwa muda wa miaka mia kadha wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti, na wagonjwa wakaunywa. Ambroise Paré, tabibu mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, ilimbidi atoe maandiko mwaka 1582 kuwakanya watu wasiitumie.

Basi msomaji atazame vizuri. Uvumi wa kwamba Wazungu hufanya dawa kwa miili ya watu, ambao maofisa wengi wa Kiingereza waliucheka kuwa ni upuzi wa washenzi, ulikuwa na wakati wake wa kuwa kweli huko huko kwao, ijapokuwa haikuwa damu, wala haikuwa miili ya watu wa pwani yetu. Hatusemi ya kwamba babu zetu walikuwa na habari za maduka ya Paris. Twasema tu ya kuwa dawa ilisafiri pamoja na jina lake, na jina likabeba fununu. Bara Hindi nako, ambako biashara ya pwani ilikuwa na mizizi tangu zamani, jina lilikuwa momiai. William Crooke aliandika mwaka 1896 ya kwamba watu wa kaskazini ya nchi ile waliwaogopa wakamataji wa watoto, waliosemwa kutoa mafuta ya miili yao yawe dawa. Neno ni moja, hofu ni moja, na bahari ni moja.

Karne ya 20 ilipoingia, uvumi ulivaa nguo mpya. Nairobi na Kampala mnyonya damu aliitwa mzimamoto, kwa kuwa watu walisema wazima moto ndio watumwao usiku kuwakamata wapita njia. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakamataji waliitwa banyama. Kwetu Tanganyika wengine waliitwa chinja-chinja. Mombasa, mwezi wa Juni mwaka 1947, kundi la watu wenye hasira liliishambulia nyumba ya wazima moto kwa sababu ya uvumi huo.

Lakini kwa nini wazima moto, wala si makarani au wapishi? Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliyekusanya masimulizi haya Kenya, Uganda na kwingineko, akatoa kitabu chake mwaka 2000, ameona jambo ambalo sisi twalikubali. Mzima moto hulipwa kila mwezi, na kutwa huonekana amekaa. Gari lake ni jekundu, lina ndoo na mipira, nalo hutoka kwa kelele usiku watu wamelala. Mtu aonaye mshahara asione kazi, huuliza kazi hiyo hufanywa saa ngapi. Vivyo hivyo kwa daktari aliyepita vijijini akiwatoboa watu vidole achukue damu, akaenda nayo zake, asirudi kuwaambia aliona nini ndani yake. Kodi ilichukuliwa, vijana walichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, ardhi ilichukuliwa. Mtu aliyesema kwamba serikali yanyonya damu alikosea habari ya sindano, ila hakukosea habari yote.

Hapo twafika penye swali lenyewe. Walio wengi husema kwamba watu huamini mambo kama haya kwa kukosa elimu. Sisi tulio walimu tungependa iwe hivyo, maana dawa yake ingekuwa mikononi mwetu. Lakini ushahidi haukubali. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wazande kusini ya Sudan, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 habari ya ghala ya nafaka. Ghala huanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Mzande ajua kabisa ya kuwa mchwa ndio walioila miti, naye hahitaji kufundishwa hayo. Analouliza ni hili: kwa nini ghala imeanguka saa ile ile walipokaa watu wale? Sisi huitikia, ni bahati mbaya, tukadhani tumejibu. Yeye ataka mtu. Ukimwondolea mtu huyo, utamwachia mahali patupu ambapo elimu yetu haina kitu cha kuweka.

Popobawa yatupa mfano wa namna nyingine, maana huyu hakuja na gari wala kibali cha serikali. Jina ni la popo na la bawa, kwa sababu ya kivuli chake kama kilivyosimuliwa. Alianza Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwaka 1995 aliivamia Pemba, kisha Unguja, kisha habari zake zikavuka mpaka Dar es Salaam. Mwaka 2007 zikasikiwa tena. Humwingilia mtu usingizini, humlemea asiweze kusogea wala kupiga kelele, na humtenda mambo ya aibu yasiyofaa kuandikwa hapa, wanaume kwa wanawake. Mwaka ule wa 1995 watu wazima wenye akili zao walilala nje makundi kwa makundi, wakiota moto, wakikesha. Na sharti lake moja lafaa kuangaliwa kuliko yote: ilisemwa ya kuwa aliyetendewa hana budi kutangaza mbele ya watu, na akanushaye kwamba Popobawa yupo ndiye atakayejiwa. Hadithi yenye sharti kama hilo haihitaji tarishi. Mwenye kusadiki husema, na mwenye shaka hunyamaza.

Kiswahili kilikuwa na neno kwa jambo hili tangu zamani, kabla ya Popobawa kupewa jina. Neno ni jinamizi. Jinamizi humkaba mtu, humkalia kifuani, naye yu macho, aona dari, asikia nyayo, lakini mkono haukubali kuinuka. Wataalamu wa usingizi waeleza kwamba katika ule usingizi wa ndoto mwili hulegezwa viungo vyake usije ukazitenda ndoto. Na mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu hujiona amefungwa, ndoto ikali machoni. Jambo hili huwapata watu wa mataifa yote, na kila taifa hulipa umbo lake. Wachina husema mzimu umemgandamiza kitandani. Wajapani husema amefungwa kwa chuma. Wavuvi wa Newfoundland husema ni ajuza, naye David Hufford aliandika habari zao mwaka 1982. Hata neno la Kiingereza la ndoto mbaya lina ndani yake jina la pepo wa kike aliyesemwa kuwakalia watu vifuani. Kwa hiyo aliyesema mwaka 1995, nililemewa, sikuweza kulia, si lazima awe mwongo. Alilemewa kweli. Mwili ulimpa jambo, na mji ukampa jina.

Lakini kwa nini 1995? Jinamizi ni la kila mwaka. Mwaka ule Zanzibar ilikuwa ikingojea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na jirani alikuwa hamwamini jirani. Hatuthubutu kusema siasa ilimzaa Popobawa. Hata hivyo mtu alalaye na hofu hulala vibaya, na kulala vibaya hulileta jinamizi. Kisha watu walalapo nje pamoja, mmoja akishtuka huwaamsha wote. Katika msukosuko ule kijana mmoja mgonjwa wa akili, mtu wa bara aliyefika Zanzibar kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati.

Ulaya yalikuwapo hayo hayo. Karne ya 18 watu wa Serbia na Moravia walifukua makaburi wakichoma maiti zilizosemwa kutoka usiku kunyonya damu. Dom Augustin Calmet, mtawa wa Kibenedikto, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1746, na wakosoaji wakamlaumu kwa kusikiliza mno. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimtaka tabibu wake, Gerard van Swieten, aichunguze habari hiyo. Van Swieten alieleza kwamba maiti huchelewa kuoza kwa baridi na kwa kukosa hewa, si kwa ushetani, na malkia akapiga marufuku kufukua. Twaipenda habari hii kwa sababu aliyejibu alisadiki kwamba watu walikuwa wameona kitu kaburini. Alieleza kile walichokiona. Hakuwaambia kwamba hawakuona kitu.

Nchini kwetu kazi hiyo haijafanywa vya kutosha. Tarehe 1 Oktoba 2016 watafiti wawili wa udongo na dereva wao, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Kazi yao ilikuwa kuchukua udongo ukapimwe. Ikapigwa kelele ya kwamba ni wanyonya damu. Wanakijiji wakawazunguka, wakawaua wote watatu, na gari lao likachomwa moto. Gari geni, watu wasiojulikana, na kitu kinachochukuliwa kwenda kupimwa mbali: ni vyombo vile vile vya hadithi ya zamani, ila safari hii kilichokuwa kikichukuliwa ni udongo.