Asiyeweza Kujibu Bado Yupo

Mtu akipigwa na kiharusi akashindwa kusema, mara nyingi sisi tunaomtembelea huzungumza na mkewe au mumewe, naye mgonjwa akiwa kitandani mbele yetu. Tunauliza, "Anakula? Analala?" Kisha tunaomba na kuaga. Njiani tunasema, "Maskini, hajitambui." Historia ya kazi ya mwanasayansi mmoja inatudai tulipime neno hilo upya.

John Donoghue alikuwa profesa wa sayansi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Kwa miaka mingi alichunguza sehemu ya ubongo inayoamuru viungo kusogea. Tunapotaka kuinua mkono, chembe za neva katika sehemu hiyo hutoa ishara ndogo za umeme, nazo hupita katika uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Mwaka 2002 yeye na wenzake walionyesha kwamba tumbili anaweza kusogeza alama kwenye skrini ya kompyuta kwa ishara hizo tu, bila kutumia mkono.

Lakini tumbili wale walikuwa wazima. Je, kwa binadamu ambaye njia ya kwenda kwenye misuli imekatika, ubongo huendelea kuamuru, au hunyamaza?

Mwaka 2004 lilianza jaribio lililoitwa BrainGate. Kijana aliyepooza kuanzia shingoni, baada ya kuchomwa kisu miaka mitatu kabla, alikubali kuwekewa katika ubongo kipande chenye upana wa milimita 4, chenye elektrodi karibu 100. Aliambiwa afikirie kusogeza mkono wake, na ishara zikaonekana. Akaweza kufungua barua pepe na kuongoza televisheni. Kifaa kilitolewa baadaye, na mwaka 2007 kijana huyo alifariki. Kampuni iliyokiendeleza iliishiwa fedha, lakini utafiti haukufa. Donoghue aliuendeleza pamoja na daktari Leigh Hochberg na wenzao wengine.

Mwezi Aprili 2011, mwanamke ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya viungo na sauti kwa karibu miaka 15 aliongoza mkono wa roboti kwa ubongo wake. Ulichukua chupa ya kahawa, ukaileta kinywani, akanywa kwa mrija. Katika majaribio 6, alifaulu mara 4.

Wapo wanaoogopa kwamba mashine hizi zitasoma siri za moyo. Kifaa hiki kilinasa amri ya kusogeza mkono, ambayo mwenyewe aliamua kuitoa. Wala hakikumwumbia mwanamke yule nia ya kunywa kahawa. Nia hiyo ilikuwa yake, na muda wote ule alikuwepo, mzima katika utu wake, hata kama waliomzunguka hawakuiona.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne wanamshusha mpooza kupitia darini. Yesu anaiona imani yao, lakini neno lake la kwanza hawapi wabebaji. Anazungumza na mpooza mwenyewe, anamwita mwana na kumtangazia msamaha, kabla hajasogeza hata kidole. Mbele ya Bwana, mtu huyu alikuwa wa kuzungumza naye tangu alipokuwa angali amelala.

Wenye kupooza waliojitolea kwa utafiti huu walijua kwamba huenda wao wenyewe wasifaidike. Waliokuwa wakibebwa wakawa wabebaji wa wengine.

Sharika zetu hazina roboti. Lakini tunaweza kumsalimu mgonjwa kwa jina lake, tukaketi pale anapotuona, tukamwuliza maswali ya ndiyo na hapana, afumbe jicho mara moja au mbili, tukangoja bila haraka. Tusimnyime Meza ya Bwana kwa sababu hawezi kutamka "Amina". Tuangalie tu kama anaweza kumeza salama. Si kila asiyejibu anatusikia. Hata hivyo, hatuna ruhusa ya kuamua kwamba hasikii, kwa sababu tu kumngoja kunatuchosha.